Mnauliza, Tunajibu: Kubishana na Usiyemjua

Barua za toleo hili zimetoka Mwanza hadi Maskat, na nyingi zinahusu jambo moja: mtu kakutana na asiyemjua mtandaoni, wameshikana kwa maneno kuhusu vita, kodi au minara ya simu, na sasa anauliza afanyeje. Maswali tumeyafupisha, majina tumeyaacha.

"Mtu nisiyemjua aliweka video ya watu wakikimbia usiku na virago vichwani, anga jekundu nyuma yao, akaandika kuwa ni vita vya Goma, jana. Nikamjibu kuwa ni uongo. Akauliza ushahidi uko wapi. Sikuwa nao, watu wakanicheka. Ningefanyaje?" Msomaji, Mwanza.

Ulitoa hukumu kabla ya ushahidi, naye akakudai. Katika hilo alikuwa na haki. Siku nyingine nyamaza robo saa kwanza, ufanye kazi ifuatayo. Simu na bando la kawaida vinatosha.

Ihifadhi video, kisha isimamishe penye kitu kisichohama: bango, mnara wa kanisa au msikiti, mgongo wa mlima, ukuta wa duka. Piga picha za skrini 4 au 5, uzikate zibaki na kitu hicho tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaacha yale maandishi makubwa yaliyobandikwa juu ya video, na injini ya kutafuta inafuata maandishi badala ya mahali. Zipitishe picha kwenye injini za kutafutia picha: Google Lens, halafu Yandex, halafu TinEye, maana hazifanyi kazi moja. Lens huleta vinavyofanana. TinEye hutafuta picha ileile na hukuruhusu kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi. Yandex, kwa majengo na mandhari, mara nyingi huona walichopita wenzake. Mwenye kompyuta aweke InVID-WeVerify, nyongeza ya bure ya kivinjari inayoikata video kuwa picha na kukusaidia kuzituma kwenye injini hizo.

Unachosaka ni tarehe ya zamani kuliko zote. Toleo moja tu la 2021 linatosha kuiua "jana". Lakini kukosa matokeo hakuthibitishi kwamba video ni mpya. Huenda imegeuzwa kushoto kulia ili isitambulike. Ukiona herufi zinasomeka kinyume, au askari wote wanashika bunduki kwa mkono wa kushoto, igeuze mwenyewe kwenye kihariri cha picha cha simu, utafute tena.

Goma ina mtego wake, kwa sababu yaliyotokea huko yamejirudia. Waasi wa M23 waliingia mjini Novemba 20, 2012, wakaondoka mwanzoni mwa Desemba. Wakaingia tena mwishoni mwa Januari 2025. Mlima Nyiragongo ulilipuka Januari 17, 2002, na tena Mei 22, 2021. Kwa hiyo picha ya watu wakiukimbia mji huo inaweza kuwa ya tukio lolote kati ya hayo manne, na zote zikawa Goma kweli. Anga zima likiwa jekundu na husikii mlio wowote wa silaha, shuku volkano kabla hujashuku vita.

Kama huna uhakika hata wa mahali, tazama barabara. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi hupita kulia. Tazama upande wa barabara, si upande wa usukani, maana mashariki ya Kongo magari yenye usukani wa kulia yaliyotoka Japani ni mengi. Kuta na nyua za mawe meusi ya volkano ni dalili nzuri ya Goma, na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ni dalili nzuri zaidi ya Kivu. Mwavuli wa Airtel hausemi kitu. Upo kila mahali kuanzia Mombasa hadi Kinshasa.

Kuna ushauri unaorudiwa sana kwamba ukague taarifa zilizofichwa ndani ya faili: saa, aina ya simu, mahali. Kwa video iliyopita WhatsApp usijisumbue, kwa kuwa taarifa hizo huondolewa inapotumwa kwa njia ya kawaida. Kinachosaidia zaidi ni ile alama ya mishale miwili inayosema ujumbe umesambazwa mara nyingi. Haimaanishi uongo. Inamaanisha umeshapita mikono mitano au zaidi tangu kwa mwenyewe, kwa hiyo aliyekutumia hajui ulikotoka, na kumuuliza ni kupoteza muda.

Halafu kuna michezo ya kompyuta. Mwishoni mwa Februari 2022, vita vya Ukraine vilipopamba moto, ilisambaa video ya rubani aliyeitwa Mzimu wa Kyiv akiangusha ndege za Urusi. Ilikuwa imetoka kwenye mchezo uitwao Digital Combat Simulator, na mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo jeshi la anga la Ukraine lenyewe lilieleza kuwa rubani huyo ni hadithi tu. Mchezo wa Arma 3 umetumika vibaya kiasi kwamba Novemba 2022 watengenezaji wake, kampuni ya Bohemia Interactive ya Cheki, walitoa maelezo ya jinsi ya kuutambua: picha hafifu, kamera inayotikisika, giza, sauti hakuna au imevurugwa, watu wanaotembea hawaonekani, na moshi au vumbi linalosambaa kwa namna isiyo ya kawaida. Vita vya kweli vilivyorekodiwa kwa simu vina makelele: mtu anapumua, anaita watoto, anatukana.

Sasa jibu lenyewe. Anza na ukweli, usianze na uongo wake:

"Moto huu ni wa volkano ya Nyiragongo, Mei 2021. Video ileile hii hapa, iliwekwa Mei 23, 2021 (kiungo). Mapigano ya Goma ni ya kweli, ila picha hizi si zake."

Sentensi tatu, kiungo kimoja, basi. Ile ya tatu usiiache. Anayesoma anaweza kuwa na ndugu huko, na ukimalizia kwenye "ni feki" ataelewa kwamba unakanusha vita. Mwenye video akirudi na "hata kama ni ya zamani, ujumbe ni uleule", kubali kuhusu vita, mwombe aweke picha ya kweli, kisha ondoka.

"Asalaam aleikum wahariri. Namjibu mtu hoja moja, analeta tisa. Nikijibu nne, anasema tano nimezikimbia. Usiku mzima unaisha hivyo. Nifanyeje?" Msomaji, Mombasa.

Wa aleikum salaam. Mbinu hiyo ina umri mkubwa kuliko mitandao. Mwaka 1994 Eugenie Scott, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliipa jina la Duane Gish, mpinzani wa nadharia ya mageuko aliyekuwa akimwaga madai mfululizo kwenye midahalo ya jukwaani hadi mwenzake akaishiwa dakika. Hesabu iko upande wa anayemwaga: dai la uongo huandikwa kwa sekunde 10, kulikanusha vizuri huchukua nusu saa. Ukikubali kujibu yote tisa umeshapoteza kabla hujaanza.

Chagua moja. Si jepesi kuliko yote, maana ataonekana ameonewa. Chagua lile ambalo mengine yameliegemea, au ambalo linapimika kwa tarehe, kiasi au waraka. Mwandikie: "Umeleta madai tisa. Nachukua la tatu, kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Tukilimaliza tutakwenda lingine." Akihama, mrudishe mara moja tu. Akihama tena, andika kwamba la tatu limebaki bila jibu, ufunge. Wasomaji wanajua kuhesabu.

Kuhusu raundi ngapi, kuna utafiti mzuri. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichambua mijadala ya jukwaa la ChangeMyView kwenye mtandao wa Reddit, ambako mwenye hoja humpa alama aliyefanikiwa kumbadilisha mawazo. Kujibizana kidogo kuliongeza uwezekano wa kufanikiwa. Lakini ikishafika raundi ya tano ya huku na huku, uwezekano ulikaribia sifuri. Waliofanikiwa zaidi waliwahi kuingia mapema na walileta maneno na mifano tofauti na ya mwenye hoja, badala ya kuyatafuna maneno yake mwenyewe. Hata kusema "huenda" na "mara nyingi" hakukuwadhoofisha.

Na kumbuka kwamba hao walikuwa watu waliojitokeza wenyewe kusema wako tayari kubadilika. Mpinzani wako wa Facebook hajasema hivyo. Kwa hiyo mwandikie yule anayesoma kimya, ambaye hajaamua. Mpinzani awe sababu tu ya wewe kuandika. Ukishika hilo, mengi yanajipanga yenyewe: huna haja ya neno la mwisho, huna haja ya kumdhalilisha, na huna haja ya raundi ya sita.

Wengine watakuambia usisahihishe kabisa, kwa sababu kumsahihisha mtu humfanya aushikilie uongo zaidi. Dhana hiyo ilipata nguvu kutokana na utafiti wa 2010, ila Thomas Wood na Ethan Porter walipoijaribu kwa masuala 52 na watu zaidi ya 10,000, matokeo yakichapishwa 2019, hawakuiona ikijitokeza kama ilivyodhaniwa. Masahihisho huingia. Yasichofanya ni kubadili kambi: mtu anakubali takwimu, na kura yake inabaki palepale.

Kosa moja la ziada, na hili ni la kwetu Waswahili: usimcheke mtu kwa Kiswahili chake. Mtu wa Lubumbashi, wa Kampala na wa Unguja hawaandiki sawa. Ukimshika kwenye ngeli badala ya hoja, kila msomaji anayeandika kama yeye amehamia upande wake.

"Nilibishana na mtu kuhusu kodi ya mkate kwenye Mswada wa Fedha wa 2024. Mimi nina ushahidi kwamba ilikuwemo, yeye ana ushahidi kwamba haikuwemo. Nani muongo?" Msomaji, Nakuru.

Hakuna muongo. Mswada ulipotolewa Mei 2024 ulikuwa na pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16. Juni 18 pendekezo hilo liliondolewa, pamoja na mengine. Wabunge walipopiga kura Juni 25 halikuwemo tena, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kuwa hatautia saini mswada wote. Wewe umeshika nakala ya Mei, mwenzako kashika ya Juni.

Ubishi mwingi wa sheria na bajeti uko hivi. Kabla hujaandika "uongo", uliza: nakala gani, ya tarehe gani, ukurasa gani? Miswada hupita kwenye matoleo, na picha ya skrini ya ukurasa mmoja haionyeshi toleo.

Ukishapata jibu, jiulize pia mnabishania nini hasa. Kama ni lililotokea, waraka utamaliza. Kama ni lililo haki, mfano iwapo serikali yenye madeni inaruhusiwa kutoza chakula, hakuna kiungo kitakachomaliza, na kumrushia mwenzako takwimu ni kumjibu swali ambalo hakuuliza. Mwambie tu: "Kuhusu tarehe tumekubaliana. Tunachotofautiana ni haki yake." Mara nyingi hasira hushuka hapo.

"Nitajuaje kama ninayebishana naye ni mtu wa kawaida au chawa anayelipwa?" Msomaji, Nairobi.

Wanaolipwa wapo, na kwenu wameandikiwa ripoti. Septemba 2021 Mozilla Foundation ilichapisha uchunguzi wa Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu kampeni za kulipwa kwenye Twitter ya Kenya, nyingi zikiwalenga majaji na wanaharakati waliopinga mpango wa BBI wa kubadili katiba. Washiriki walipangwa kupitia makundi ya WhatsApp, wakapewa maneno na alama za reli (#) za kusukuma, na malipo yaliyotajwa yalikuwa kati ya dola 10 na 15. Lengo halikuwa kushinda mjadala. Lilikuwa kuifikisha alama ya reli kwenye orodha ya yanayovuma.

Dalili yenye uzito kuliko zote ni moja: maneno yanayojirudia. Nakili sentensi yake nzima, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye kisanduku cha kutafuta cha X (zamani Twitter), uchague mpya zaidi. Ikitokea kwenye akaunti 6 ndani ya saa moja, koma kwa koma, umepata jibu. Ya pili ni historia: akaunti iliyokuwa ya mpira au ya mikopo miezi miwili iliyopita, leo ghafla ni ya siasa tupu. Ya tatu ni saa; binadamu hulala. Tangu Novemba 2025 X pia huonyesha nchi ambayo akaunti inatumika, ila VPN, programu ya kuficha mahali ulipo, huweza kuipotosha, kwa hiyo usiijengee hoja peke yake.

Yasiyo dalili: tarakimu mwishoni mwa jina, maana mtandao wenyewe huzipachika mtu anapojisajili, kukosa picha ya uso, maana mtumishi wa umma ana sababu zake, kuwa na wafuasi 12. Wala tiki ya bluu haithibitishi mtu. Tangu mwishoni mwa 2022 inanunuliwa, na tangu 2023 wanaoilipia wanaweza kugawiwa mapato, hapo mwanzo majibu yaliyo chini ya machapisho yao yakiwa sehemu ya hesabu. Kwa hiyo mtu anaweza asiwe chawa wa yeyote, akawa anakuchokoza kwa sababu hasira yako ina bei.

Ukishajiridhisha, usimwite chawa hadharani. Ukikosea umemtukana raia. Ukipatia, umemwongezea jibu. Weka picha ya akaunti hizo sita kwenye ukurasa wako mwenyewe, bila kiungo cha kumpeleka mtu kwake. Na usilinukuu lile dai lao kama kichwa cha habari. Tangu utafiti wa Hasher na wenzake wa 1977 inafahamika kwamba sentensi inayosikika mara nyingi huanza kuonekana ya kweli.

"Kuna bwana anasisitiza kwamba 5G ilileta corona na inaunguza ubongo. Nikimwambia ni upuuzi, anasema hata Shirika la Afya Duniani limekiri mawimbi ya simu yanaleta saratani. Nimjibu nini?" Msomaji, Arusha.

Usimwambie ni upuuzi, kwa sababu sehemu moja ya kauli yake ina mzizi na ataitoa mfukoni. Mei 2011 IARC, wakala wa saratani wa shirika hilo, uliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani, ushahidi ukiwa hafifu. Kundi hilohilo lina dondoo la jani zima la mshubiri na mboga za kuchachusha za Asia. Makundi ya IARC hupima nguvu ya ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari: soseji na nyama nyingine za kusindika ziko kundi la 1 pamoja na tumbaku, na hakuna anayedai soseji moja ni sawa na sigara moja. Ukimpa hilo mwanzoni, silaha yake imeisha.

Tenganisha madai mawili. Ukiyajibu pamoja atakuwa anaruka kutoka corona kwenda saratani na kurudi. La corona linamalizwa na kalenda. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Mtandao wa 5G wa kibiashara ulianza 2022. Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 13, 2020. Safaricom walianza majaribio ya 5G Machi 2021. Muulize ni mnara gani uliouleta, kisha ngoja. Kule Uingereza, Aprili 2020, watu walichoma minara kwa imani hiyo, na mingine iliyoungua haikuwa hata ya 5G.

La kuunguza linahitaji kipimo. 5G ya kwetu hutumia masafa, yaani kasi ya mtikisiko wa mawimbi, kuanzia chini ya GHz 1 hadi karibu GHz 3.5. Mwanga mwekundu unaouona kwa macho uko kwenye GHz 430,000 hivi, na mionzi inayoweza kuvunja kemikali za chembe hai huanzia mbali zaidi ya hapo, kwenye urujuanimno. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Yanachofanya ni kupasha joto, na ndiyo sababu kuna ukomo wa nguvu ya simu inayofyonzwa na mwili: Ulaya wati 2 kwa kilo zikipimwa kwenye gramu 10 za mwili, Marekani wati 1.6 kwenye gramu 1. Kwenye simu nyingi ukibonyeza *#07# utaona kipimo cha simu yako.

Jambo ambalo wapinga minara hulipita ni umbali. Ukiuzidisha mara mbili, nguvu inayokufikia hubaki robo. Simu iliyo sikioni iko sentimita moja kutoka kichwani, mnara uko mita mia kadhaa. Tena simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu zake ili isikike, kwa hiyo anayetaka kichwa chake kipate mawimbi kidogo ana sababu ya kuupenda mnara wa karibu. Asiyeridhika atumie spika za masikioni. Ila na wewe usivuke mpaka ukasema mawimbi hayana athari yoyote na utafiti umefungwa. Haujafungwa, na ukisema hivyo atakushika.

"Nikimuuliza mtu ushahidi, ananibandikia jibu refu la akili mnemba, au anaiita Grok, akili mnemba ya X, palepale iamue. Hiyo ni hoja?" Msomaji, Maskat.

Ni hoja ikiwa na chanzo unachoweza kukifungua. Fungua viungo vyote: kipo? kinasema hivyo? ni cha tarehe gani? Programu hizi hutunga majina ya ripoti na namba za kurasa kwa lugha safi kabisa, na zinapoonyeshwa picha ya vita hukisia mahali kwa kujiamini kuliko inavyostahili. Ukiiuliza swali lilelile kwa namna ya kuegemea upande mwingine, mara nyingi itakuegemea. Fanya hivyo, mbandikie na yeye, mtaona wote wawili kwamba haiamui kesi. Kisha mwombe waraka.

Maelezo ya jamii yanayowekwa chini ya machapisho ya X ni afadhali, kwa sababu huonekana pale tu watu ambao kwa kawaida hupingana wanapokubali kuwa yanafaa. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye siasa kali hayatokei au huchelewa. Kutokuwepo kwake si kibali.

"Nikisambaza kitu kikaja kuwa cha uongo, naweza kushtakiwa?" Msomaji, Morogoro.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kuupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kujua na nia ndiyo maneno ya kushikilia, lakini ni mahakama inayoyapima, si wewe. Kenya wana Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, ambayo kifungu chake cha 23 kilitungwa na adhabu ya hadi shilingi milioni 5 za Kenya au miaka 10. Vifungu vyake vimebishaniwa mahakamani tangu mwaka huohuo, kwa hiyo aliye Kenya amuulize wakili hali ya sasa.

Kwa vitendo: ukigundua ulichosambaza si kweli, usifute kimya kimya tu. Andika masahihisho mahali palepale ulipokisambaza, yapige picha, kisha ufute la mwanzo. Na kuongeza "kama nilivyopokea" hakukulindi popote.

"Baada ya ubishi wa siasa, mtu asiyejulikana ameweka namba yangu ya simu hadharani na wenzake wananipigia usiku. Nimzuie?" Msomaji, Kisumu.

Pole sana dada. Zuia, lakini si kwanza. Kwanza kusanya: picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, pamoja na anwani kamili ya kila chapisho, kwa kuwa jina hubadilishwa kwa dakika moja. Zitume kwenye barua pepe yako ili zisipotee na simu. Kisha ripoti chapisho hilo kwa mtandao wenyewe chini ya sababu ya kuweka wazi taarifa binafsi, si ya matusi, hushughulikiwa tofauti.

Kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, halafu Faragha: nyamazisha simu za wasiojulikana, na ruhusu kuongezwa kwenye makundi na watu walio kwenye orodha yako tu. Washa uthibitisho wa hatua mbili wenye PIN ya tarakimu 6, maana namba iliyo hadharani ndiyo mwanzo wa kuibiwa akaunti. Usimtajie mtu yeyote tarakimu zinazokuja kwa SMS, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu. Kwenye X jua kwamba tangu mwishoni mwa 2024 uliyemzuia bado anaweza kusoma machapisho yako ya wazi. Ukitaka asiyaone, ifunge akaunti kwa muda.

Vitisho vya kuumizwa vipeleke polisi, uandikishe na upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Ile Sheria ya Kenya ya 2018 ina kifungu cha 27 kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni. Kitaje kwa namba. Nenda na picha hizo zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, zimepangwa kwa tarehe.